Akina mama wa Asembo waliuliza: yule dada wa filamu alizikwa wapi?

Habari zenu wakuu, wakubwa kwa wadogo.

Kuna mwanachama humu aliuliza ni filamu gani ya mapenzi iliyowahi kukutoa machozi. Wengi mmemjibu kwa jina tu. Mimi nimeshindwa kujibu kwa mstari mmoja, ndiyo maana nimefungua uzi wangu.

Haya yalinipata mwenyewe. Chumvi nawaachia wenye samaki. Majina tu ndiyo nimebadilisha, kwa sababu wengine bado wako hai na wanajua kutumia simu.

Basi.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini. Asubuhi moja niliamka Dunga, pale Kisumu, nikajikuta sina sababu ya kubaki. Sikuwa nimegombana na mtu. Kazi ya kushusha samaki ilikuwepo. Nilikunja shati na sweta, nikatia kwenye mfuko, nikatembea hadi bandarini. Meli iliyokuwa ikipakia ilikuwa ya Asembo Bay. Kama ingekuwa ya Kendu ningepanda hiyo hiyo.

Niwaeleze kidogo mimi ni mtu wa aina gani. Shule niliacha darasa la saba. Si kwamba nilikuwa mjinga, miguu ndiyo ilikataa kukaa chini ya dawati. Nikiona barabara nataka kujua inaishia wapi. Nikiona mashine nataka kuifungua. Nimewahi kuwa turnboy wa lori, nimechoma matofali, nimeuza mitumba. Kwetu ni Kisian, pale kando ya barabara ya kwenda Busia, lakini miaka ile nilikuwa napita kwetu bila kushuka.

Asembo Bay nilishuka sijui mtu.

Nikatembea sokoni nikasikia jenereta inaguruma nyuma ya duka la vifaa. Nikafuata sauti. Nikakuta chumba cha mabati, watu wamejazana mchana kweupe, televisheni moja mbele na video deck imefunikwa kitambaa cha kufumwa kama mtoto mchanga.

Mwenye duka alikuwa Mkikuyu kutoka Murang'a, watu walimwita Kamau wa Video. Alikuwa na shida moja. Kanda zake zote zilikuwa za Kiingereza, na wateja wake, hasa akina mama wauza samaki, walichoka kutazama midomo ikicheza. Filamu za ngumi hazikuhitaji maelezo. Lakini siku hiyo ilikuwa filamu ya mapenzi, na watu walianza kuguna.

Mimi kwa kimbelembele changu nikaanza kueleza kwa sauti. Nusu Kiswahili, nusu Dholuo.

Kiingereza changu kilikuwa cha kuokota. Nilikiokota kwenye magazeti ya kufungia nyama na kwenye redio za watu. Nikielewa, nilitafsiri. Nisipoelewa, nilijaza. Filamu ilipoisha Kamau aliniambia nilale stoo, kazi imepatikana.

Ndivyo nilivyokuwa commentator.

Sasa niwaambie hiyo filamu. Kijana fundi wa baiskeli anampenda dada anayefundisha muziki. Dada ana ugonjwa wa damu, hautibiki. Wanakaa ghorofa ya juu kabisa, nyumba ya kupanga, na kila siku ngazi zinamshinda dada zaidi, mpaka kijana anambeba mgongoni. Mwishoni dada anafia kwenye kiti karibu na dirisha. Pazia linacheza na upepo. Halafu unamwona kijana anasukuma baiskeli barabarani, peke yake, na muziki unapanda. The end.

Akina mama waliipenda kupita kiasi. Kila Jumapili baada ya kanisa walitaka hiyo hiyo. Kamau alilalamika kwamba kanda yake inaliliwa kuliko maiti, lakini aliiweka.

Alikuwepo dada mmoja aliyekaa sikuzote karibu na mlango, kwenye ndoo iliyogeuzwa. Nitamwita Adhiambo. Aliuza omena, wale dagaa wa ziwani, sokoni, lakini si kwa kutembeza kama wengine. Aliketi, wateja wakamfuata. Miguu yake ilivimba jioni. Akipanda hata kilima kidogo alisimama katikati, akijifanya anaangalia ziwa.

Alikuwa amesoma mpaka Form Four. Kwa hiyo alikuwa anajua ninavyodanganya.

Siku moja nilipokuwa nimepamba maneno ya dada wa filamu mpaka akina mama wanapiga makofi, Adhiambo aliniambia taratibu, kama mtu anayemwambia mwenzake kwamba kifungo kimefunguka, "Bwana, huyo dada amesema tu kwamba chai imepoa."

Tukacheka. Urafiki ulianzia hapo. Tangu siku hiyo, nikikwama kwenye neno nilimtazama mlangoni na yeye akanirushia. Kuna maneno mengi akina mama wale walidhani ni yangu.

Jumapili moja filamu iliisha, jenereta ikazimwa, watu wakakataa kutoka.

Mama mmoja mnene, mwenye kikapu cha sangara magotini, aliniuliza swali ambalo sikuwahi kulisikia kwa mtu yeyote anayetazama filamu. "Sasa wewe wa kusema, huyu msichana wamemzika wapi?"

Nikasema filamu haijaonyesha. Akasema hilo amejionea mwenyewe, ana macho. Anachouliza ni wapi. Mwingine akadakia kwamba hawajaona mahari yakienda, sasa ni mke wa nani? Wa tatu akasema ile nyumba ni ya kupanga, mtu hazikwi kwenye ngazi. Kamau akaja kuwatoa, akawaambia wazungu huzikana kanisani. Wakamjibu kwamba yeye auze misumari yake.

Kwa wale wa mbali niwaeleze, maana bila hili hamtaelewa yanayofuata. Kwetu Wajaluo mwanamke aliyeolewa huzikwa kwa mumewe, upande wa kushoto wa mlango wa nyumba yake. Msichana mkubwa ambaye hajaolewa, au aliyeolewa akarudi, hawezi kuzikwa ndani ya boma la baba yake. Anazikwa nje ya ua. Wengine leo wameacha, lakini miaka ile, kule, haikuwa na mjadala. Kwa hiyo swali la akina mama halikuwa la mzaha. Walikuwa wamempenda yule dada, na walitaka kujua kama ameachwa nje.

Nikawadanganya. Nikasema amezikwa kwao na kijana, kushoto kwa mlango, na mama mkwe alilia sana. Wakaridhika. Wakachukua vikapu, wakaondoka wakisema huyo kijana amelelewa vizuri.

Adhiambo alibaki kwenye ndoo yake.

Akasema, "Hawakuoana. Nyumba haikuwa yao. Ungewaambia tu ukweli, watu wazima wale."

Nikamwuliza kwa nini linamuuma, ni filamu tu.

Ndipo aliponieleza. Alipokuwa mtoto aliumwa koo, homa ikashuka kwenye moyo. Valve moja ikaharibika. Aliolewa upande wa Bondo, mimba mbili zikatoka, ya pili karibu aende nayo. Daktari Kisumu akasema asibebe tena. Watu wa mumewe hawakuhitaji mke wa namna hiyo. Walimrudisha, ng'ombe wao wakarudishwa, mambo yakaisha vizuri kabisa, hata hakuna aliyetukanwa. Kwao hakuweza kukaa ndani ya boma kama mwanzo, kwa hiyo alipanga chumba sokoni. Watu walisema ni chira, kwamba kuna mwiko aliuvunja ndiyo maana anakonda juu na kuvimba chini. Daktari alisema upasuaji wake hapa kwetu hakuna, atumie dawa za kupunguza maji, na asijidanganye kuhusu miaka.

"Kufa nimekubali," aliniambia. "Nimekuwa nako tangu darasa la tatu, ni kama deskmate. Lakini nikitoka nyuma ya nyumba ya mama, naona pale nje ya ua ambapo nitawekwa. Mama anapapita akienda kisimani. Atapapita kila siku."



Mimi huwa najibu kila kitu, wakuu. Siku hiyo nilikunja waya wa jenereta nikaenda stoo.

Miezi ikapita. Sikuondoka Asembo, na hilo peke yake lilikuwa jambo geni kwangu. Asubuhi nilimbebea gunia la omena mpaka sokoni. Alinifundisha Kiingereza cha kweli kwa kunikosoa mbele za watu. Nilimfundisha jinsi jenereta inavyofanya kazi, akachoka kabla sijafika kwenye carburettor. Kulikuwa na siku hatukufanya chochote, tulikaa tu tukitazama meli ikigeuka, na sikutaka kujua inaelekea wapi.

Nilipomwambia nataka kumuoa, hakunijibu siku hiyo. Kesho yake akaniuliza, mikono ikiwa ndani ya omena, "Wewe unatafuta mke, ama unanitafutia kaburi?"

Nikasema natafuta mke.

"Na kaburi?"

Nikasema linakuja na mke. Si kwetu ndivyo ilivyo?

Alicheka mpaka pumzi ikamkatika, ikabidi nimshike mgongo. Halafu akasema nisimjibu harakaharaka, kwamba huruma ni kitu kizuri lakini hakikai, na yeye hataki kuwa mgonjwa wa mtu anayejuta. Nikamwambia nimejuta mambo mengi, lakini yote ni yale niliyoyaacha. Akanisogezea kikapu nimsaidie kutoa mawe kwenye omena.

Mama yake alikuwa mfupi, mkali kidogo. Alisema nije na wazee wangu, mchana, kupitia langoni. Hakutaka binti yake achukuliwe kama kuku aliyepotea. Na alitaka kujua nyumba yangu iko wapi.

Hapo ndipo shida yenyewe ilipoanza.

Nyumba sikuwa nayo.

Mwanamume wa kwetu anajenga nyumba yake ya kwanza, simba, ndani ya boma la baba. Mimi sikuwahi. Na huwezi kumzika mke mahali ambapo huna mlango, kwa sababu hakuna kushoto kwa kitu ambacho hakipo.

Nikaenda Kisian. Nikashuka pale barabarani, kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu. Baba alinikuta namsalimia ng'ombe kabla sijamsalimia yeye. Nikamweleza yote, hata ugonjwa. Alisikiliza akitengeneza mpini wa jembe. Akasema msichana hana shida naye, na kifo hana shida nacho, hata yeye kitamjia. Lakini siwezi kujenga, kwa sababu kaka yangu Ouma hajajenga. Mdogo hamtangulii mkubwa. Nikifanya hivyo namletea Ouma balaa, na hata huyo mke wangu atakuwa ameingia katika boma kwa mlango wa chira.

Ouma alikuwa askari wa usiku Nairobi. Alikuwa na mke wa huko huko, watoto wa huko huko, na hakuwa na mpango wowote wa kulala Kisian.

Nikapanda gari la moshi kwenda kumtafuta. Hapa niseme ukweli, sitausahau ule mwendo. Maisha yangu yote nilisafiri bila kujali nafika lini. Safari ile kila kituo kilinichoma. Adhiambo nilimwacha amelalia mito mitatu, kwa sababu akilala bapa pumzi inakataa.

Ouma alinisikiliza amekaa kwenye kitanda, amevaa koti la kazi. Akasema, "Kwa hiyo mimi nijenge nyumba ambayo sitalala, ili wewe ujenge nyumba ya mtu ambaye hataamka?"

Nikasema ndiyo.

Mkewe, ambaye si Mjaluo na mila zetu zilimchosha, ndiye aliyesema, "Baba Otieno, si uende tu. Ni matope."

Akaja.

Wakuu, nyumba aliyojenga kaka yangu ilikuwa ndogo mpaka majirani walikuja kutazama. Mmoja aliuliza kama kuku watapata nafasi ya kugeuka. Ouma alijenga amenuna, akajibu kwamba mila inasema nyumba, haikusema ukubwa. Lakini alilala humo kama inavyotakiwa, miguu ikitokeza kidogo mlangoni, na asubuhi alitoka akaniambia, "Haya, barabara iko wazi."

Halafu hakurudi Nairobi siku hiyo. Alivua shati, akaingia matopeni, akanisaidia kujenga yangu.

Tulipeleka kwao Adhiambo kile tulichoweza, na mama yake akakipokea mbele ya watu. Nilimleta Kisian udongo wa ukuta bado una alama za vidole. Kutoka barabarani mpaka bomani kuna mwinuko. Alisimama mara nyingi, na safari hii hakukuwa na ziwa la kujifanya analiangalia, kwa hiyo alinitazama mimi. Nilimwambia nimbebe. Akasema bibi arusi haingii kwa mkwe kama mzigo wa kuni, tungoje.

Tukangoja. Baba alitoka na kiti akakileta mpaka njiani, akakiweka, akarudi ndani.

Adhiambo alipofika, aliwasha moto mwenyewe, akapika uji kwenye mafiga mapya, kwa sababu nyumba ambayo mwanamke hajapika si yake. Uji ulishika moto chini. Tuliunywa wote, na Ouma akaomba wa pili.

Baadaye alitoka, akasimama mlangoni, akatazama upande wa kushoto. Kulikuwa na nyasi tu na jiwe moja. Alipatazama kama mtu anayekagua chumba cha kupanga.

"Panapata kivuli asubuhi," alisema.

Nikasema ndiyo.

"Basi ni pazuri."

Aliishi mpaka mahindi ya jirani yalipoanza kutoa ndevu. Alitufundisha kucheza draft akatushinda sote, baba akawa anakwepa. Akapunguza kuongea, lakini woga sikuuona tena. Alikufa alasiri moja, ameegemea mito yake, mimi nikimsimulia habari za watu wa barabarani. Nilikuwa nimefika katikati ya hadithi. Niliimaliza, kwa sababu sikujua kingine cha kufanya.

Mama yake alikuja kutoka Asembo, na akina mama wa video walikuja naye, wote, na vikapu vyao. Kamau alifunga duka akaja pia. Baada ya mazishi, mama yake alizunguka nyumba yangu, akapapasa ukuta, akasukuma mlango kuona kama unafunga vizuri. Kisha alikaa chini upande wa kushoto, akanyoosha miguu, akakaa hivyo mpaka jua likapungua. Hakuna aliyemwambia ainuke.

Mimi nililala katika nyumba ile siku zote ambazo mila inataka, na nyingine zaidi. Halafu nikaanza tena kutembea. Siwezi kuwadanganya kwamba nilibadilika.

Wiki iliyopita nilifika mji mdogo mpakani, sijawahi kuwa hapa. Nikapata chumba cha lodging, kizuri, kina wi-fi. Nikaitafuta ile filamu, nikaipata.

Nimeitazama nikiwa nimekaa kitandani. Kiingereza sasa nakielewa chote. Ni filamu ya kawaida, wakuu. Dada anaongea machache sana. Zamani nilimlilia yeye. Safari hii macho yangu yalikuwa kwa kijana. Anapokufa yule dada, kijana anashuka ngazi, anamkabidhi mwenye nyumba ufunguo, anachukua baiskeli yake. Zamani ile ya ufunguo sikuwahi hata kuitafsiri, niliona haina maana. Sasa nimesimamisha filamu hapo, nikashindwa kuendelea.

Kwa sababu ametoka hivyo hivyo. Hana pa kurudi kumtazama.

Kesho yake asubuhi mama mwenye lodging, mtu wa maswali, aliniuliza mgeni kwenu ni wapi. Miaka ya ujana swali hilo nililijibu kwa mzaha, nilitaja mji wowote uliokuja mdomoni.

Nilimwambia kwetu ni Kisian. Ukishuka barabarani unapanda mwinuko kidogo, boma la pili, mke wangu yuko pale.

Somo langu ni moja, na mnaruhusiwa kulipinga. Ukimpenda mtu ambaye anakufa, usianze kumwambia atapona, na usianze kulia. Muulize anaogopa nini hasa. Huenda si kile unachodhani. Mimi nilidhani ni kifo, kumbe ilikuwa njia ya mama yake kwenda kisimani.

Wale mtakaosema mila hizi zimepitwa na wakati, andikeni, nitasoma bila kukasirika. Na wale mliomuuguza mtu mkampenda mpaka mwisho, naomba mniambie mwenzenu alitaka nini. Chumba nimekilipia mpaka Jumapili, niko hapa.